Hawala ya Urbani

Kifurushi kilifika kijijini Ukata Jumapili ya pili ya Februari, mwaka 1956, kimefungwa kwa kamba ya katani na kugongwa mihuri mingi hata karatasi yake ya kaki ikaonekana kama imepakwa masizi. Padre alikitoa Mbinga kwa pikipiki, akamkabidhi Urbani Kinunda mlangoni mwa kanisa baada ya misa, watu wote wakiona. Kutoka hapo mpaka nyumbani kwa Urbani ni mwendo wa nusu saa, kilima kwa kilima, na watu wapatao thelathini walimfuata bila kualikwa. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu uzito wa kile kifurushi.

"Kibebe vizuri, Urbani," alisema kaka yake mkubwa, Blasius. "Mle ndani mna kioo."

"Umejuaje, kaka?"

"Kuna saa isiyo na kioo?"

Mke wa Urbani, Mwalimu Serafina, alikuwa London tangu Septemba. Kamati ya elimu iliyokaa Songea ilimpeleka kusomea kufundisha watoto wadogo kwa mwaka mmoja na nusu. Ilimlipia meli na ada ya chuo, ikampa na posho ya paundi kumi na tano kwa mwezi. Sharti lilikuwa moja: atakayeshindwa kujimudu kwa posho hiyo atarudishwa, na nafasi yake apewe mwingine. Sharti hilo Ukata hawakulizungumza sana. Walichozungumza ni zile paundi. Paundi kumi na tano ni shilingi mia tatu, na kibarua wa barabara alikuwa akipata thelathini kwa mwezi. Kwa hiyo hakuna aliyeona haya kumwagiza Serafina kitu.

Uani walimkuta mama yake Urbani, Bibi Hildegardi, ameshatandika mikeka. Katekista Kilian alipanda juu ya kigoda, kama ilivyokuwa desturi. Barua zote za Serafina zilisomwa hivyo, kwa sauti, watu wote wakisikiliza, kwa sababu Urbani alikaa shule ya misheni miaka miwili tu na kusoma kwake kulikuwa kwa kuokota neno mojamoja. Mke wake aliwahi kusema atamfundisha jioni jioni. Urbani alikataa. Aliona aibu mwanamume kukaa kwenye benchi mbele ya mkewe.

"Kwako Baba Tadea," alisoma Kilian, "salamu nyingi sana. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwenu tu. Baridi ipo kidogo. Chakula ni tele. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema. Nimetuma vitu vichache kama mlivyoagiza."

"Vichache!" watu walicheka. "Amekuwa Mzungu huyo, anaviita vichache."

Saa ilikuwa ya Blasius. Kalamu ya wino ilikuwa ya Katekista mwenyewe, naye alikatisha kusoma ili aijaribu kwenye kiganja. Blanketi zito, la rangi ya damu ya mzee, lilikuwa la Bibi Hildegardi, na wanawake walilipokezana wakilipapasa kwa mashavu. Tadea, binti wa nyumba, aliletewa viatu vyeusi ambavyo vilijazwa karatasi zilizokunjwakunjwa visije vikapondeka njiani. Urbani hakuwa ameagiza chochote. Hata hivyo chini kabisa kulikuwa na mkasi wa kupogolea mikahawa, wenye vishikio vyekundu, na kijikaratasi kimefungwa kwa uzi: "Wa Baba Tadea, ule wa zamani unamuumiza kidole."

Urbani aliufungua na kuufunga ule mkasi mara kadhaa, akainamisha uso.

Kabla watu hawajaondoka, Kilian alitumia kalamu yake mpya kuandika maagizo ya safari ijayo. Blasius alitaka viatu vya kamba. Shemeji mmoja alitaka taa ya baiskeli, ingawa baiskeli yenyewe alikuwa hajanunua.

---

Wiki hiyohiyo, London, Serafina alikuwa anapanda ngazi za nyumba ya Bibi Hobley, aliyempangisha chumba, viatu mkononi, kusudi asisikike.

Alichukua chumba kile kwa shilingi arobaini na tano kwa wiki pamoja na chai ya asubuhi. Mtaa wa pili kulikuwa na chumba cha shilingi thelathini. Alikwenda kukiuliza siku yake ya tatu mjini, mama mmoja akafungua mlango, akamtazama, akasema kimeshachukuliwa. Kibao cha "Chumba kinapangishwa" kilikaa dirishani wiki tano baada ya hapo, na Serafina alikuwa akikipita kila asubuhi akienda chuoni. Hizo shilingi kumi na tano za kila wiki ndizo zilizoanza kumla.

Ndani ya chumba kulikuwa na jiko la gesi lililounganishwa na sanduku la chuma ukutani. Unatumbukiza shilingi, moto unawaka. Shilingi ikiisha, moto unazimika, hata kama umeshika sufuria. Mwanzoni Serafina alilipa shilingi moja kila jioni. Kuanzia Desemba alijifunza kukaa maktaba ya chuo, penye joto la bure, mpaka wanapofunga saa mbili, kisha kurudi kwa miguu na kuingia kitandani na koti. Kupanda basi aliacha. Chakula cha mchana alikula chuoni mara tatu kwa wiki. Jioni alikunywa chai.

Angeweza kuyamudu hayo yote kama si maagizo. Saa, kalamu, blanketi, viatu na stempu za kifurushi vilikula paundi saba, na kodi ya wiki tatu ikalala.

"Misis Kinunda," sauti ilimwita kutoka chini.

Serafina alivaa viatu, akashuka. Bibi Hobley alikuwa mjane mnene mwenye miguu mibaya, na hakupenda kugombana.

"Sipendi kulisema hili," alisema. "Lakini ni wiki tatu sasa. Mimi pia nadaiwa, mkaa umepanda bei. Nitangoja mpaka Pasaka. Baada ya hapo itanibidi niweke kibao dirishani."

"Nimeelewa, mama."

"Huna mtu wa kumwambia? Hao waliokuleta?"

"Nitawaambia," alisema Serafina, akijua kwamba hatawaambia. Kamati ikisikia neno kodi, wiki ya pili yake yuko melini anarudi, na mtihani uko mwezi wa sita.

Bibi Hobley alimtazama mashavu. "Umekonda. Nyinyi Wakatoliki mnafunga Kwaresima kwa bidii mno."

"Ndiyo, mama," alisema Serafina. "Tunafunga."

Akapanda juu, akaketi kitandani na kalamu. Alianza barua: "Mume wangu, mambo huku..." Akakomea hapo. Mawazoni alimwona Kilian juu ya kigoda, akaona mikeka, watu thelathini, Blasius. Alimwona mumewe amekaa katikati yao akisikia pamoja na majirani kwamba mke wake ana njaa. Akaichana. Akachukua karatasi nyingine, akaandika kwamba chakula ni tele.

---

Viatu vya Tadea vilibana. Jumatano yake Urbani alikaa kizingitini akitoa zile karatasi ndani yake, ili avilowanishe kidogo na kuvitanua. Alitaka kuzitupa jikoni ziwashie moto. Lakini karatasi kule haikuwa kitu cha kutupwa hovyo, inafaa kusokotea tumbaku, kwa hiyo aliinyoosha ya kwanza juu ya goti.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa mkewe, tena kwa Kiswahili. Maneno yalimpa kazi. Tarakimu hazikumpa kazi hata kidogo. Mtu aliyeuza kahawa miaka kumi anajua tarakimu.

"Kodi 45," alisoma, kidole kikitembea. "Gesi 2. Mkate 3. Sa-bu-ni 1. Basi, kwa miguu." Chini yake kulikuwa na mstari, kisha siku za wiki. Jumatatu jioni, chai. Jumanne jioni, chai na mkate. Jumatano jioni, chai. Alhamisi jioni, chai. Ijumaa palikuwa na kistari tu.

Alinyoosha ya pili. "Saa ya shemeji 50. Kalamu ya Katekista 12. Blanketi la mama 38." Na pembeni, kwa herufi ndogo: "Mungu wangu, nitalipa nini Jumamosi?"

Alisoma karatasi zote nne. Ilimchukua mchana kutwa. Alipoziweka chini jua lilikuwa limeshaelekea magharibi, upande wa Tingi, na mama yake alikuwa anarudi kutoka kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, jembe begani, ana udongo mpaka magotini.

"Viatu bado vinabana?" aliuliza Bibi Hildegardi.

"Mama, kaa."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa." Akamsomea, kwa kuokota neno mojamoja kama alivyosoma mara ya kwanza. Alipofika kwenye blanketi alitaka kuruka. Mama yake alimwona macho yanavyokimbia.

"Hapo umeruka. Soma."

"Blanketi la mama, thelathini na nane."

Bibi Hildegardi alikwangua udongo mguuni kwa ukucha.

"Thelathini na nane ni siku ngapi za kula, kule?"

"Kwa hesabu hii, wiki sita na zaidi."

"Nililitaja tu," alisema. "Nililitaja kama mtu anavyosema nipe maji. Nilidhani kule vitu vinaokotwa." Kisha akamgeukia mwanawe kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyelitaka. "Na wewe ulikuwa wapi? Mkeo anakunywa chai tu tangu Noeli, wewe uko hapa unakata mikahawa!"

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Barua zake zinahubiriwa kama Injili. Hata mimi nisingesema ukweli mbele ya Kilian."

Urbani alifikiri kwenda kwa Padre. Alikwisha simama, akavaa na kofia. Kisha akakumbuka sharti la kamati, akaivua. Padre ni mtu mwema, lakini Padre naye ni mjumbe wa kamati. Kumwambia ni kumrudisha Serafina nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ziko zile za bati," alisema Bibi Hildegardi.

Ziko, shilingi mia na ishirini, mavuno ya misimu miwili, ndani ya chungu uvunguni mwa kitanda cha mama huyohuyo. Nyumba yake ilivuja upande wa kitanda, na mwaka huo ndio waliopanga kuiezeka kwa bati.

"Zile ni zako, mama. Mvua itakunyeshea."

"Imeninyeshea miaka sitini, inanijua. Chukua. Na lile blanketi silirudishi, nitalala nalo. Limelipiwa na tumbo la mtu, likikaa bure ni dhambi." Alisimama akajishika kiuno. "Ila Blasius asijue. Wala mtu yeyote. Mtoto wa watu amejificha, na sisi tumfiche."

---

Mia na ishirini zilikuwa paundi sita. Urbani alitaka zifike nane. Alikuwa amebakiwa na nguruwe mmoja mnene, akamfunga kamba mguuni, akampeleka kwa kaka yake.

Blasius alimpokea uani. Alikuwa amevaa saa juu ya mkono wa shati, na kila baada ya maneno mawili aliitazama, ingawa mshale mkubwa na mdogo hakujua upi unasema nini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unamuuza huyu? Ana ugonjwa?"

"Mzima kabisa. Nataka hamsini."

"Mtu mwenye mke London anauza nguruwe!" Blasius alicheka, akaita mkewe aje asikie. "Una shida gani wewe? Si umwandikie tu?"

"Nina haja ndogo."

"Umecheza kamari Mbinga?"

Urbani alitazama ile saa. Shilingi hamsini zilikuwa pale pale, kwenye mkono wa kaka yake, zikigonga kidogo kidogo.

"Thelathini," alisema Blasius.

"Arobaini, kaka. Huyu ana mafuta."

"Arobaini, na kwa sababu ni wewe. Mwambie Serafina viatu vyangu viwe namba tisa."

"Nitamwambia," alisema Urbani, akapokea pesa kwa mikono miwili.

Barua aliiandika mwenyewe, shambani, juu ya ubao uliolazwa kwenye tuta la ngolo, kwa penseli aliyoazima kwa Tadea. Ilimchukua siku tatu. Mara mbili watu walipita njiani na mara mbili aliikalia.

---

Lori la mbao lilimchukua kutoka Mbinga hadi Songea kwa shilingi nne. Katika mfuko wa ndani, uliobanwa kwa pini mbili, kulikuwa na mia na sitini. Mfuko wa nje ulikuwa na shilingi sita, za nauli ya kurudi na za chakula.

Posta ilikuwa na foleni. Karani kijana mwenye nywele zilizochanwa njia alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Lete karatasi. Unapokea kiasi gani?"

"Sipokei. Napeleka."

"Unapeleka wapi? Dar es Salaam?"

"London."

Karani aliinua uso. Aliweka kalamu chini taratibu, akageuka nyuma. "Bwana Antoni! Njoo usikie. Huyu mzee anapeleka pesa Ulaya."

Bwana Antoni, aliyekuwa anapima vifurushi, alikuja akifuta mikono. "Zinatoka Ulaya, mzee. Hawala zinatoka kule zinakuja huku. Umechanganya."

"Sijachanganya. Zinatoka hapa zinakwenda kule."

"Kwa nani? Malkia amepungukiwa?"

Foleni nzima ilicheka. Mwanamke mmoja aliyebeba kuku alicheka mpaka kuku akapiga kelele. Urbani alisimama na kofia mkononi, ana vumbi la barabara kwenye kope. Alijisikia masikio yanawaka. Alitoa pini ya kwanza, akatoa ya pili, akaweka pesa juu ya meza, noti na sarafu, akazipanga mafungu ishirini ishirini kama anavyopanga siku ya mnada.

"Kwa mke wangu," alisema. "Yuko huko anasoma."

Kicheko kilipungua. Karani alivuta fomu, akaanza kuuliza na kujaza. Jina. Mtaa. Nchi. Urbani alikuwa na anwani kwenye bahasha, akaisogeza. Fomu ilikuwa na mstari wa mwisho, na karani aliusoma kwa sauti iliyokuwa imebadilika kidogo.

"Sababu ya kupeleka?"

Urbani hakujua kama kuna jibu linalotakiwa na serikali. "Andika chakula," alisema.

Karani alikaa na kalamu hewani. "Chakula?"

"Ndiyo, bwana mkubwa. Chakula."

Bwana Antoni alirudi kwenye mizani yake. Karani aliandika, akagonga muhuri, na akapunguza sauti. "Mzee, kuna ada. Shilingi nne. Na barua ukitaka isipotee, isajiliwe, ni shilingi moja na senti ishirini."

Urbani hakuwa amehesabu ada. Alifikiri kupunguza kwenye mia na sitini, akaona wiki ya mtu ikipungua. Akaingiza mkono mfuko wa nje.

"Utarudije kwenu?" aliuliza karani, kwa maana aliona mfuko ulivyolegea.

"Nina miguu, bwana."

Alibakiwa na senti themanini. Alinunua mihogo ya kuchemsha sokoni, akaifunga kwenye leso, akaondoka Songea asubuhi. Alitembea siku tatu. Siku ya pili mvua ilimkamata mahali pasipo na nyumba, akasimama chini ya daraja akitafuna muhogo, akiwaza kama bahasha nayo ina mahali pakavu. Kwa mama yake alifika Ijumaa na malengelenge manne. Bibi Hildegardi alimkanda miguu kwa maji ya chumvi, akimtukana kwa Kimatengo, na machozi yakimtoka.

---

Barua ilifika kwa Bibi Hobley Jumatano ya Wiki Takatifu. Serafina aliisaini mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya tatu. Mwandiko wa juu ya bahasha hakuujua. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zinaegemea huku, nyingine kule, kama miti iliyopandwa na mtu mwenye haraka.

"MAMA TADEA. MIMI URBANI NDIYE NAANDIKA KWA MKONO WANGU USICHEKE. NIMEONA KARATASI KATIKA VIATU. NIMESOMA ZOTE. KULA. USINUNUE KITU CHA MTU TENA. MAMA ANASEMA UMSAMEHE. UKIANDIKA ANDIKA KWELI NA HERUFI KUBWA. KILIAN HATASOMA NITASOMA MIMI. MKASI NI MZURI HAUUMIZI."

Serafina alicheka. Kisha kicheko kikageuka, na Bibi Hobley, aliyekuwa anafagia ukumbi, akaja na ufagio wake.

"Habari mbaya?"

Serafina alitikisa kichwa, akamwonyesha ile hawala iliyokuwa ndani ya bahasha. Bibi Hobley alivaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma.

"Paundi nane. Kutoka wapi hii?"

"Nyumbani. Mume wangu ametuma."

"Nilidhani mumeo ni mkulima."

"Ni mkulima. Analima kahawa na mahindi. Anafuga nguruwe."

Bibi Hobley alikaa naye kwenye ngazi, kwa shida, akishika ukuta. "Baba yangu alifuga nguruwe," alisema. "Kijijini, kabla sijaja mjini. Nilipoanza kazi hapa, nina miaka kumi na sita, aliniletea nyama ya chumvi kwa treni, imefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimemwandikia kwamba ninakula vizuri." Aliirudisha hawala mkononi mwa Serafina. "Huwa wanajua."

Siku hiyo Serafina alikwenda posta kuchukua pesa, akarudi akalipa wiki zote tatu, akabakiwa na shilingi ishirini na tano. Aliponyoosha mkono kumshukuru, Bibi Hobley alimwambia kwamba kuanzia sasa chai ya jioni anaweza kuinywa jikoni, penye moto, wala hatatozwa gesi, na kama sufuria ya viazi itakuwa jikoni wakati huo, basi iko jikoni.

"Lakini wewe bado unafunga," alisema. "Mpaka Jumapili?"

"Hapana, mama," alisema Serafina. "Nimefungua leo."

---

Barua yake ilifika Ukata mwezi wa tano, wakati kahawa imeanza kukomaa. Padre alimpa Urbani mlangoni mwa kanisa kama kawaida, na kama kawaida watu walianza kupanga mstari wa kumfuata. Ilikuwa nene.

"Twende tukasome," alisema Katekista Kilian, kalamu yake ikiwa mfukoni kifuani.

"Ahsante, Katekista. Hii nitaisoma mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

Blasius alisogea. "Amesema nini kuhusu viatu?"

"Bado sijafungua, kaka. Lakini nadhani namba tisa zimeisha."

Watu walisimama pale wasijue waende wapi. Urbani aliwaaga kwa heshima, mmojammoja, akashika njia ya shambani na si ya nyumbani. Alikaa ukingoni mwa ngolo, mahali palepale alipoandikia barua yake, akafungua.

Zilikuwa kurasa tisa, kwa herufi kubwa, zilizochongwa kwa uangalifu kama anavyoandikia watoto wa darasa la kwanza. "BABA TADEA. NAKUAMBIA KWELI TUPU. MWEZI WA KWANZA NILIANGUKA NJIANI KWA NJAA, MTU MMOJA AKANIINUA AKIDHANI NIMELEWA." Urbani alikomea hapo, akautazama mlima muda mrefu, kisha akaendelea. Alisoma habari za chumba kilichokataliwa na kibao kilichokaa dirishani. Alisoma habari za sanduku linalokula shilingi, akalicheka peke yake. Alisoma kwamba kodi imelipwa, kwamba sasa anakula viazi na nyama kwa mama mwenye nyumba, kwamba somo la kwanza la majaribio amefundisha watoto arobaini wa Kizungu na mwalimu mkuu akasema vizuri sana. Neno "ninakukumbuka" lilikuwa refu. Alilisoma silabi kwa silabi, mara ya kwanza kwa kulitafuta na mara ya pili kwa makusudi.

Jua lilipofika kwenye ukingo wa milima alikuwa amefika ukurasa wa nne. Alikunja kurasa zilizosalia bila kuzichungulia, akazitia ndani ya shati, akashuka.

Bibi Hildegardi alimngoja mlangoni, mikono imekunjwa, kama mtu aliyefanya kazi kubwa ya kutouliza.

"Mchana kutwa," alisema. "Haya. Anasemaje?"

Urbani alivua kofia, akakaa kizingitini, akanyoosha miguu.

"Bado anaongea, mama," alisema. "Ataendelea kesho."